Simba wa Ngano na Simba wa Nembo: Taashira na Utaifa nchini Kenya

Katika uhakiki wetu wa fasihi, taashira aghalabu huchukuliwa kuwa zao la msanii pekee. Makala haya mafupi yanadai kwamba dola nayo ni mtunzi, na kwamba simba wa nembo ya taifa la Kenya ni utungo unaopaswa kuhakikiwa.

Simba huyu hakuzaliwa na uhuru. Bendera ya Koloni la Kenya ilikuwa na simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kwa mtindo wa nembo za Uingereza. Mwaka 1963 mkoloni aliondoka, mnyama akabaki. Sasa simba ni wawili. Wameshika mikuki na ngao, na chini yao limeandikwa neno Harambee. Kilichobadilika ni kiashiriwa: aliyesimamia dola iliyotawala sasa asemekana kuilinda nchi iliyotawaliwa.

Kwa nini mnyama wa porini? Hebu tumlinganishe na jogoo aliyechorwa katika ngao. Jogoo hufugwa, ana mwenyewe. Alikuwa alama ya chama cha KANU, na chama hicho kiliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 2002, alibaki katika ngao akiikumbusha nchi historia ya chama kimoja. Simba hana mwenyewe. Kwa kuwa hakufugwa na yeyote, ni rahisi kudai kwamba ni wa wote. Aidha, hasemi, mwenye mamlaka humsemea.

Hata hivyo, fasihi simulizi haijamsahau simba mwingine. Katika ngano nyingi simba ni mtawala mwenye nguvu na pupa, naye sungura humshinda kwa hila. Methali nayo yasema, "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama": hapa pana mwindaji, hapana mlinzi. Mfugaji wa Kajiado ambaye zizi lake limevamiwa usiku hahitaji mhakiki wa kumfafanulia tofauti hiyo.

Basi mnyama huwa taashira ya taifa pale nusu ya maana yake inaponyamazishwa. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa nchini mna simba 2,589. Hao waweza kupungua, lakini wale wa nembo watabaki wawili daima. Wajibu wa mhakiki ni kuirejesha nusu iliyonyamazishwa, ili mwanafunzi aisome nembo ya taifa lake huku akimkumbuka sungura.