TENDO NA AJABU: NI KIPI KIIPACHO UKUU FILAMU YA MAPAMBANO?

1. Suala lenyewe

Wanafunzi wetu wanapojadili filamu za mapambano, hugawanyika upesi katika kambi mbili. Kambi ya kwanza yadai kwamba ubora wa filamu ya namna hii hupimwa kwa ajabu za picha, yaani zile hila zote za kamera, za karakana na za kompyuta zinazomwonyesha mtazamaji jambo lisilowezekana. Kambi ya pili hujibu kwamba ajabu hizo ni udanganyifu wa matajiri, na kwamba filamu ya kweli ni ile ambayo mwigizaji ameruka mwenyewe, ameanguka mwenyewe na kuumia mwenyewe. Walimu wengi, kwa upande wao, hukaa nje ya mjadala huo, wakiamini kwamba filamu za mapambano hazistahili kuhakikiwa.

Msimamo huo wa walimu ni wa kushangaza katika idara ya Kiswahili. Sisi tunaofundisha Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na kusimulia vita baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, hatuwezi kudai kwamba mapanga, farasi na mauaji havina nafasi katika sanaa. Jina lenyewe la utanzu huo, utendi, lina mzizi mmoja na kutenda. Wala hatumwulizi mtunzi wake kama shujaa mmoja aliweza kweli kuangusha watu wengi kiasi kile. Twamwuliza tendo hilo limetoka wapi na limezaa nini. Swali hilohilo ndilo tunalokusudia kuliuliza hapa kuhusu sinema.

Hoja yetu ni hii: filamu kubwa ya mapambano humwezesha mtazamaji kujua mahali tendo linapotendeka, kuelewa sababu yake, na kuona gharama yake. Ajabu za picha zina hadhi ileile ya tamathali za usemi katika ushairi. Hakuna mhakiki anayelisifu shairi kwa kuhesabu sitiari zake. Huangalia sitiari hizo zimesema nini.

2. Mahali, sababu na gharama

Mfano ulio wazi kupita yote ni Shichinin no Samurai, yaani Samurai Saba, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1954. Wakulima maskini wanaajiri wapiganaji saba ili wakilinde kijiji chao dhidi ya wanyang'anyi 40. Filamu ina zaidi ya saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna vita. Kiongozi wa samurai, Kambei, anakizunguka kijiji akiwa na ramani: upande huu patajengwa ua, upande ule mashamba yatajazwa maji, daraja litavunjwa, na upande mmoja utaachwa wazi kwa makusudi ili adui aingie mmojammoja. Kila adui amechorwa duara kwenye karatasi, na kila anapouawa duara lake hufutwa kwa mstari.

Hivyo basi, vita vinapoanza, na mvua kubwa inaponyesha, mtazamaji hapotei. Anakijua kila kichochoro, na anajua wamebaki wangapi. Hofu yake hutokana na ujuzi, si na kelele. Tena gharama iko wazi: samurai wanne kati ya saba wanakufa, na wote wanne wanauawa kwa bunduki, hakuna hata mmoja anayeuawa kwa upanga. Kyuzo, aliye hodari wa upanga kuliko wenzake wote, anaangushwa kwa risasi iliyofyatuliwa kutoka kibandani. Katika kifo hicho kimoja mwongozaji ametuonyesha mwisho wa tabaka zima la watu na wa ustadi wao, bila ya mhusika yeyote kutoa hotuba.

3. Ajabu yenye sheria

Wanaodhani kwamba ajabu za picha ni uzushi wa kompyuta wamesahau historia. Katika The General ya Buster Keaton (1926), gari-moshi halisi liliangushwa mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua, katika jimbo la Oregon, Marekani. Lilikuwa miongoni mwa matukio ya gharama kubwa mno katika enzi ya sinema bubu. Lakini Keaton hakulitumia kama fataki. Kabla ya tukio hilo tumemwona afisa akitoa amri gari-moshi lipite, akiwa na hakika kwamba daraja lingali imara. Chuma kinaporomoka, na mara baada ya hapo tunauona uso wa afisa yuleyule. Anguko lile ni jawabu la kiburi chake. Lingeondolewa, hadithi ingekatika.

Miaka 65 baadaye, James Cameron alitoa Terminator 2 (1991), filamu iliyogharimu takriban dola milioni 100 na ambayo iliifanya kompyuta ipewe heshima mpya huko Hollywood. Adui wake, T-1000, ni mtu wa madini yayeyukayo. Inafaa kukumbusha kwamba katika filamu ya saa mbili na robo, picha zilizoundwa kwa kompyuta hazizidi sana dakika 5. Uchache huo si siri ya mafanikio yake. Siri ni kwamba ajabu hiyo imewekewa sheria. Twaambiwa mapema kwamba kiumbe huyu aweza kujigeuza kisu au mkuki, bali hawezi kujigeuza bunduki wala bomu. Baadaye anapita katikati ya nondo za mlango wa chuma kama maji. Mwili wake wapita, lakini bastola yake yanasa, naye analazimika kuigeuza mkono ili ipite. Bastola ile yatukumbusha kwamba hata katika ndoto hii vitu vina uzito. Kwa sababu ya sheria hizo, mtazamaji anaanza kufikiri pamoja na wahusika: baridi itamfanyaje? Joto je? Ajabu isiyo na sheria haimwachii mtazamaji la kufikiri, kwani lolote laweza kutokea, na pale lolote liwezapo kutokea, hakuna la kuogopa.

4. Mwili na mashine

Kambi ya pili itapinga: je, si kweli kwamba mwili wa mtu uliomo hatarini hutugusa kuliko picha ya kompyuta? Ni kweli. Katika Police Story (1985), Jackie Chan anateleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa ndani ya jumba la maduka huko Hong Kong, na mikono yake iliungua kwelikweli. Tukio hilo limerudiwa katika filamu kutoka pembe kadhaa. Hata hivyo, tunamfuata kwa kuwa mhusika wake, askari aliyevunjiwa heshima, anawafukuza wenye ushahidi wa kumsafisha jina. Kuteleza kulekungekuwa katika sarakasi, tungepiga makofi na kusahau.

Isitoshe, kuufanya uhatarishaji wa mwili kuwa kipimo cha sanaa ni jambo la kutisha. Mwaka 2017 mwanamke mmoja aliyeajiriwa kuendesha pikipiki katika upigaji wa filamu ya Deadpool 2 alifariki mjini Vancouver. Hakuna picha inayostahili malipo hayo. Na filamu ambayo wapenzi wa mwili huitaja kama ushindi wao, Mad Max: Fury Road ya George Miller (2015), haiwaungi mkono kikamilifu. Magari yaliendeshwa na kupinduliwa kweli katika jangwa la Namibia, lakini picha zipatazo 2,000 zilipitishwa kwenye kompyuta. Mwili na mashine vimeshirikiana. Mhariri wake, Margaret Sixel, alipata tuzo ya Oscar, na tunaona alistahili: kiini cha tendo hubaki katikati ya fremu, hata jicho halitangitangi kati ya picha na picha ijapokuwa zinapita kwa kasi.

5. Kipimo hiki na sinema za kwetu

Suala hili lina uzito kwetu. Mwanafunzi anayeamini kwamba ajabu ya ghali ndiyo ubora atahitimisha kwamba Lubumbashi, Bukavu au Kisangani haiwezi kutoa filamu kubwa ya mapambano. Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kumpinga. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, ambayo imetazamwa duniani kote.

Hata hivyo, kuisifu kwa urahisi wa gharama pekee ni kuidharau. Helikopta zake za kompyuta zinachekesha, nayo filamu inalijua hilo. Msimulizi, VJ Emmie, anazisherehekea pamoja na hadhira kama fanani wa ngano. Dosari yake iko kwingine: swali lililo katika jina lake halijibiwi. Kapteni Alex anakutwa amekufa, na hatuambiwi kamwe nani aliyemwua, kwa hiyo mapigano yanayofuata yamekosa shina. Kulisahihisha kosa hilo kungehitaji karatasi na kalamu, si dola.

6. Hitimisho

Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, walichukua kutoka filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani mavazi, mwendo na namna ya kusema. Walichokihifadhi ni jinsi mtu anavyosimama mbele ya hatari. Hapo ndipo ukuu wa filamu ya mapambano unapokaa. Ajabu za picha, ziwe za chuma, za mwili au za kompyuta, zitasifiwa kwa kadiri zinavyotuonyesha msimamo huo, na zitalaumiwa kila zinapoufunika. Nasi walimu wa fasihi tunazo tayari zana za kupimia hayo. Tumekuwa tukizitumia kwa tenzi muda wote.