Sinema ya Mwenye Mkokoteni

Wasomi wamtajapo Ousmane Sembène wa Senegal, husifu riwaya zake na sinema zake ndefu. Borom Sarret ya mwaka 1963 hutajiwa tarehe tu, ikaachwa. Ni hasara. Dakika zake zipatazo 20 zastahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa fasihi.

Jina hilo, kwa Kiwolof, ni "mwenye mkokoteni". Mtu huyu azunguka Dakar na farasi wake akitafuta chakula cha nyumbani. Malenga amsifia mababu zake mashujaa, naye, kwa kulewa sifa, ampa pato lote la asubuhi. Kisha bwana mmoja nadhifu amshawishi kuingia mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imekatazwa. Nishani yake yaanguka. Askari aikanyaga, na mkokoteni wachukuliwa.

Kasoro iko katika lugha: mawazo ya mchukuzi yasikika kwa Kifaransa, mithili ya nguo ya kuazima. Sembène aliitengeneza kasoro hiyo katika Mandabi, mwaka 1968, iliyosemwa Kiwolof. Lakini mwisho wa Borom Sarret hauna kifani. Mume arudi na farasi peke yake; mke amkabidhi mtoto, aahidi kwamba usiku watakula, kisha atoka. Aendako, mtazamaji haambiwi.