Ukali wa Biri

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesoma Cuba, aliniletea biri moja nene iliyosokotwa kwa mkono. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "hii ni kali." Niliivuta barazani hapa Kyimo, mvua ikinyesha juu ya migomba. Moshi wa biri haumezwi. Hukaa kinywani, kisha hutolewa.

Nilitarajia kuchomwa koo, kama ilivyokuwa kwa misokoto ya marehemu baba. Haikuwa hivyo. Mwanzoni nilipata ladha ya kahawa na udongo mkavu. Ukali ulikuja polepole, biri ilipofika nusu. Huo ni ufundi. Majani makali hutoka juu ya mche, yanakopigwa na jua zaidi. Msokotaji huyaweka katikati, akayafunika kwa majani mapole.

Kasoro ni theluthi ya mwisho: ilikuwa chungu tu, nikaizima. Nilimwuguza baba kifua, sikutaka kuzoea.

Ndugu msomaji, nilikuwa mkuu wa shule mkali, na katika chuo cha ualimu vivyo hivyo. Lakini ukali wangu niliuvaa nje, upole nikauficha katikati. Wanafunzi wengi waliondoka kabla ya kuufikia. Msokotaji yule alijua kupanga kuliko mimi.