Saa ya Refa: Anza na Vitufe

Muuza saa akishajua wewe ni refa, sifa ya kwanza atakayokupa ni kwamba saa yake haikosei hata sekunde. Msikilize kwa adabu, kisha iweke sifa hiyo kando. Karibu kila saa ya betri, hata ya bei ya chini kabisa pale Kariakoo, inaendeshwa na fuwele ndogo ya kwatzi, na fuwele hiyo kwa kawaida hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Chukua Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyoingia sokoni mwaka 1989 na ambayo hukosi kuiona mkononi mwa mtu popote uendapo. Kiwanda chenyewe kinasema inaweza kwenda mbele au kubaki nyuma kwa sekunde 30 kwa mwezi. Piga hesabu: katika dakika 90 kosa hilo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna kocha atakayekufuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo kudai kitu hicho.

Kinachomwangusha refa ni kidole chake mwenyewe. Yuko mbioni, jasho linamwingia machoni, filimbi iko mkono wa pili, wachezaji wanne wamemzunguka wanalalamika, na katikati ya hayo anabonyeza kitufe bila kukitazama. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: nikibonyeza kitufe nisichokusudia, nitapoteza nini?

Sheria ya 5 ya soka imempa mwamuzi kazi ya kutunza muda, na saa ni mojawapo ya vifaa anavyolazimika kuwa navyo, pamoja na filimbi, kadi na daftari. Sheria ya 7 inampa vipindi viwili vya dakika 45 na kumtaka afidie muda uliopotea: majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, adhabu, mapumziko ya kunywa maji, kushangilia magoli, ujanja wa kuchelewesha. Hapo zinaonekana kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuhesabu muda unaokwenda bila kusimama. Ya pili ni kukusanya vipande vya muda uliopotea. Waamuzi wengi wenye uzoefu huzigawia saa mbili, na mimi naungana nao. Hata hizo saa za kitaalamu zilizotengenezwa kwa ajili ya marefa, kama Spintso za Sweden, kimsingi ni saa mbili zilizowekwa ndani ya kasha moja.

Saa ya kwanza huanzishwa mpira unapopigwa na kusogea waziwazi, si filimbi inapolia, kisha haiguswi mpaka mapumziko. Saa ya pili ndiyo yenye mabishano. Kuna wanaoiendesha sambamba na ya kwanza na kuisimamisha mchezo unaposimama. Ikisoma 45, kipindi kimekwisha. Mimi napendelea kinyume chake: iwe imesimama muda wote, na iende tu wakati muda unapotea. Sababu ni jicho. Ukisahau kuizima baada ya mchezo kuendelea, utaziona tarakimu zinakimbia huku mpira nao unakimbia, na utashtuka. Tarakimu zilizotulia hazimshtui mtu, kwa hiyo anayetumia ile njia nyingine anaweza kupita dakika tatu kabla hajagundua kwamba hakuiwasha tena. Halafu dakika ya 44 ikifika, humhitaji mtu wa hesabu. Unasoma namba iliyoko mkononi na kumwonyesha mwamuzi wa akiba kwa vidole.

Sasa irudie ile Casio ukiwa na maarifa haya. Katika hali ya kupima muda, kitufe chake cha taa kina kazi ya pili. Saa ikiwa inahesabu, kitufe hicho hugandisha tarakimu, ingawa ndani hesabu inaendelea. Saa ikiwa imesimamishwa, kitufe hichohicho huifuta hesabu yote na kurudisha sifuri. Fikiria kiwanja kisicho na taa, mechi ya saa kumi jioni iliyochelewa kuanza, na giza la kwetu lisilobisha hodi. Dakika ya 80 unataka kusoma muda uliopotea, unabonyeza taa, na dakika zako nne zimeyeyuka. Kama saa ya kwanza haina tatizo kubwa: ina wepesi, inaonyesha hadi dakika 59 na sekunde 59 kabla ya kuanza upya, betri yake hudumu miaka mingi, na tarakimu zikiganda ukibonyeza tena zinaachia. Kama saa ya pili, sikushauri. Na izime ule mlio wa kila saa, usije ukalia saa kumi na moja kamili mshambuliaji akiwa amebaki na kipa.

Bandia zake ni nyingi. Ukishikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu hivi, saa halisi huandika CASIo kwenye kioo, lakini siku hizi zipo bandia zilizofundishwa hila hiyo, kwa hiyo usikitegemee kipimo hicho peke yake. Mimi huangalia zaidi vitufe. Kitufe kizuri kinashuka, kinagoma kidogo, kisha kinaachia, na kidole kinajua kimemaliza. Kibovu kinazama kama ndizi iliyoiva. Kijaribu ukiwa umelowesha vidole, na umeifumba ngumi na kuikunja kwa nyuma, maana kuna saa kubwa ambazo vitufe vyake hubonyezwa na mgongo wa kiganja kila refa anapoashiria mpira wa adhabu.

Kuhusu kioo, usidanganywe na saa zenye tarakimu nyeupe kwenye uso mweusi. Dukani, chini ya taa, zinavutia; uwanjani jioni hazisomeki. Tarakimu nyeusi kwenye uso wa kijivu, nene, na dakika ziwe kubwa kuliko kitu kingine chochote. Sehemu za mia za sekunde ni za wakimbiaji. Toka nje ya duka, ishike saa kiunoni ukiwa unatembea haraka, uitazame kwa pembe. Kama inakulazimu kuinua mkono hadi kifuani na kupunguza mwendo, mrudishie mwenyewe.

Maandishi ya maji nyuma ya kasha yasomwe kwa makini. Yakisema tu kwamba inastahimili maji bila kutaja mita, maana yake ni matone na jasho. Tafuta mita 50 na kuendelea kama unachezesha wakati wa masika. Mkanda wa ngozi unakunywa jasho na kuoza, wa chuma unaweza kumkwaruza mchezaji. Chukua wa plastiki laini au wa nailoni. Saa za kugusa kioo nazo zina matatizo yake: kioo kilicholowa huchukua tone la mvua kuwa kidole, na nyingine huzima uso wake ili kutunza betri wakati uleule unapoihitaji.

Kitu kimoja ningelipia zaidi kwa moyo mweupe: mtetemo. Saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka 45 na kutetema ikifika sifuri inakuachia macho yako mchezoni. Ila ichunguze inafanya nini baada ya sifuri. Inayofaa huanza kuhesabu kwenda juu. Isiyofaa hujirudisha 45 na kuanza upya kimyakimya, na ukiitazama dakika moja baadaye hutajua uko wapi.

Thamani ya mtetemo inaonekana mwili unapochoka. Tarehe 12 Januari 2022 huko Limbe, Kameruni, katika mechi ya Tunisia na Mali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kumaliza mchezo dakika ya 85, ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla dakika ya 90 haijatimia, Mali ikiongoza 1-0. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba joto lilimzidi. Huyu alikuwa amechezesha Kombe la Dunia. Chagua saa ukifikiria kichwa chako kitakavyokuwa dakika ya 85, si kilivyo sasa ukiwa umesimama dukani kwenye kivuli.

Kwenye viwanja vikubwa saa ina kazi nyingine kabisa: teknolojia ya mstari wa goli hutuma ishara kwenye saa ya mwamuzi ndani ya sekunde moja, kwa mtetemo na maandishi. Nayo hunyamaza. Juni 17, 2020, Aston Villa na Sheffield United, mpira ulivuka mstari mikononi mwa kipa, saa ya Michael Oliver haikusema kitu, na mechi ikaisha 0-0.

Kabla ya kuanza, mpe mshika kibendera mmoja kazi ya saa ya akiba, kisha nawe andika kwenye daftari saa halisi ya kuanza. Ukiandika 10:03, unajua bila kifaa chochote kwamba dakika 45 zinatimia 10:48. Hii ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kipindi cha kwanza kikiisha mapema kwa kosa lako, sheria haikuruhusu kulipa deni hilo kwa kurefusha cha pili.

Na ukienda kwa fundi saa kubadilisha betri, mwombe aukague ule mpira mwembamba wa kifuniko cha nyuma na aupake mafuta ya silikoni. Ukiwa umekatika, zile mita 50 hazipo tena. Ukifika nyumbani, iwashe ihesabu dakika 45 mezani kando ya saa nyingine kabla hujaivaa kwenye mechi.