Yai la Mia Tano: Hesabu ya Banda la Uani

Wafugaji wengi wa uani hupanga bei kwa kuchungulia dukani kwa Mangi, wakaongeza kidogo kwa kuwa yai ni la kienyeji. Jirani yangu mmoja hapa Tabata alianzia kwenye gunia la chakula, na ndiyo maana biashara yake ndogo bado iko hai.

Ana kuku 12, wote chotara. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda zima linakula karibu kilo moja na nusu. Tuseme kilo ni shilingi 1,400: chakula cha siku ni kama 2,000. Siku wakitaga mayai 8, kila yai limebeba shilingi 250 za chakula. Wakianza kupukutika manyoya wakataga 5, yai lile lile linabeba 400, maana kuku akiacha kutaga haachi kula. Anayepanga bei kwa siku nzuri ataanza kulisha majirani kwa mfuko wake bila kujua. Yeye alipiga hesabu kwa siku mbaya, akaongeza chanjo ya mdondo ya kila miezi mitatu, pumba za kutandika na akiba ya kununulia kuku wengine hawa wakizeeka. Ikafika karibu 500.

Hakuichagua 500 kwa sababu ya hesabu tu. Ni sarafu moja. Ukisema 450 utatafuta hamsini ya chenji mpaka mteja akwambie, "Basi niongezee nyanya." Hata mayai mawili yanayoliwa nyumbani kila siku anayaandika kwa bei hiyo hiyo. Wengi huyahesabu ya bure, kisha wanashangaa gunia limeishaje na pesa haionekani.

Kilichomsumbua zaidi ni mkopo. Mtoto anatumwa: "Shikamoo mama, mama amesema umwandikie mayai manne, atalipa mwisho wa mwezi." Elfu mbili ya jirani uliyekaa naye msiba mmoja huidai, unaimeza. Dawa yake ilikuwa kuuza kwa noti: unatoa 5,000 mwanzoni, unachukua mayai 10 kwa siku unazotaka. Nyuma ya mlango wa jiko kuna kipande cha boksi chenye majina, na kila yai likitoka anachora mstari. Hakuna anayeona haya, kwa kuwa hakuna anayedaiwa ila yeye mwenye kuku.

Trei haiuzi. Punguzo la jumla ni la mwenye mayai mengi. Yeye ziada yake kwa wiki, kuku wakitaga vizuri, ni kama mayai 40, na trei moja ingeondoka na sehemu kubwa ya mayai ya wateja wake.

Kila yai linaandikwa tarehe kwa penseli. Lenye uchafu kidogo hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kuliosha kwa maji kunaondoa utando wa asili unaozuia vijidudu kupenya ganda. Kuku wakipewa antibayotiki, mayai ya siku zilizotajwa kwenye lebo hayauzwi wala hayaliwi. Hiyo ni hasara, na kwa maoni yangu ndipo wafugaji wengi wanapoteleza kimyakimya, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuiona dawa ndani ya yai.

Wapo wanaotaka mayai ya kutotolesha, kwa kuwa ana jogoo. Hayo huyauza ghali kidogo, yasiyozidi siku saba, na humwambia mteja mapema kwamba hadhamini kifaranga.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni alivyopandisha bei gunia lilipopanda. Hakutamka 550. Aliacha noti ile ile ya 5,000 na kutoa mayai 9. Yai likawa karibu shilingi 556, chenji haikuhitajika, na aliyekuwa na mistari iliyobaki kwenye boksi alimalizia kwa bei ya zamani.