Usuluhishi Si Uamuzi: Istilahi Tatu na Haki ya Wafiwa

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wafasiri wetu wamekabidhiwa kazi nzito na ya heshima. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi tatu ambazo, kwa maoni yetu, humpotosha mwananchi pale anapodai haki ya marehemu wake.

Ya kwanza ni usuluhishi. Sheria ya mwaka 2004 iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ilitenganisha mambo mawili: usuluhishi ni kupatanisha, uamuzi ni kukata shauri. Lakini sheria ya mwaka 2020, ambayo kwa Kiswahili huitwa Sheria ya Usuluhishi, inahusu jambo lile lile ambalo Tume huliita uamuzi. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili.

Natutazame Mbinga. Mmatengo asikiapo usuluhishi hukumbuka sengu, baraza ambamo jamaa walikula pamoja na wazee wakawapatanisha waliokosana. Sasa tuchukue mfano wa dereva aliyekodiwa kubeba makaa ya mawe ya Ngaka. Mkataba wake unasema kila mgogoro utapelekwa kwenye usuluhishi. Dereva huyo anafariki kwa uzembe wa mwingine. Mjane atadhani wataketi, wazungumze, na wasipoelewana aende mahakamani. Kumbe anayeketi hapo ni mwamuzi, na neno lake hufunga. Kama kifungu hicho kinamfunga mjane asiyetia sahihi ni suala la wanasheria. Lakini hawezi hata kuliuliza ikiwa neno lenyewe limemficha.

Istilahi ya pili yahusu mshtakiwa. Mwenye kifungu kama hicho anapaswa kukidai mapema. Akisha kuijibu hoja ya msingi ya madai mahakamani, hawezi tena kurudi nyuma na kuomba shauri lipelekwe kwa mwamuzi. Wako wafasiri waandikao kwamba “amesamehe haki” yake. Wengine huandika “amepoteza haki”. Yote mawili hayatoshi. Kusamehe ni kwa aliyekosewa, na mjane atashangaa kusikia kwamba aliyemshtaki ndiye anayesamehe. Kupoteza nako hakuonyeshi kwamba mtu ametenda kwa hiari. Sisi twaona kuachia haki ndiko kunakofaa: aliishika mkononi, akaiachia kwa mwenendo wake mwenyewe.

Ya tatu ni “kifo cha makosa”. Msomaji atakubaliana nasi kwamba maneno haya yaelekea kumtupia lawama marehemu. Sheria, Sura ya 310, inayowapa jamaa wa marehemu njia ya kudai fidia, yahusu kosa la mtu mwingine. Heri kusema kwa urefu: kifo kilichosababishwa na kosa la mwingine.

Twajua kwamba uamuzi nao una kasoro, maana hakimu pia huamua. Kwa hiyo twapendekeza uamuzi nje ya mahakama, na usuluhishi ubaki kwa kupatanisha tu. Istilahi ndefu inayoeleweka ni bora kuliko fupi inayomfungia mfiwa mlango bila yeye kujua.