Ubao Wenye Mgongo

Picha nyingi za Naming the Money, kazi kubwa ya msanii Lubaina Himid ya mwaka 2004, hupigwa kwa mbele, na ndiyo maana wengi wanaijua nusu. Kwa mbele unaona watu 100 wa plaiwudi, kimo cha binadamu, waliokatwa kufuata umbo la mwili na kupakwa akriliki yenye rangi za kuita macho: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa na wengineo. Fani 10, kila fani watu 10. Ni Waafrika waliokuwa watumwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, wale ambao kwenye michoro ya zamani husimama pembeni ya bwana. Wamevaa wakapendeza. Mtego ndio huo, maana hata nguo walizovaa zilikuwa za bwana, zimevalishwa ili wageni waone utajiri wake.

Zunguka nyuma. Huko ubao umebandikwa karatasi ya daftari la hesabu, ya aina ile ambayo wafanyabiashara waliorodheshea bidhaa, na juu yake kuna maandishi mafupi. Mtu anataja jina lake, kisha jina analoitwa na waliomnunua, kisha kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kununuliwa, kisha kazi anayofanya sasa, na mwisho kitu kimoja kinachomliwaza. Basi. Anayefuata naye hivyo hivyo, hadi wote 100. Ankara iliyomwingiza mtu kwenye orodha ya mali sasa inabeba jina ambalo karani hakulitaka. Sauti ya Himid mwenyewe, ikichanganyika na muziki, huyasoma maandishi hayo ukumbini huku watazamaji wakipita katikati ya mbao.

Ustadi huu aliupata wapi? Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne, mama yake Mwingereza akarudi naye Uingereza. Mama alikuwa msanifu wa vitambaa, na hilo linaonekana hadi leo katika mapambo ya nguo za watu wake na katika kazi zake za kanga, ambazo kama kanga nyingi zina jina, yaani msemo. Lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni kwamba alisomea usanifu wa jukwaa, Wimbledon, akamaliza mwaka 1976. Seremala wa jukwaa anajua kuwa nyumba ya maigizo ina uso tu; nyuma ni misumari na magongo ya kuegemeza, na mtazamaji hapelekwi huko. Himid aliwahi kuutumia ubao wa kukatwa mwaka 1986 katika A Fashionable Marriage, akiigeuza kazi ya mchoraji Hogarth kuwakejeli wanasiasa wa wakati wake, na watu wake aliwapanga kama tukio la jukwaani. Mwaka 2004 alimtoa mtazamaji kwenye kiti na kumpeleka nyuma ya pazia, na huko ndiko alikoweka maneno.

Habari ya tuzo naipita haraka. Alipambana tangu miaka ya 1980, akiandaa maonesho ya wanawake weusi wakati kumbi kubwa hazikuwataka; The Thin Black Line ya mwaka 1985 ndiyo inayotajwa zaidi. Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuitwaa, na mwaka huohuo ndipo waandaaji walipoondoa ukomo wa umri wa miaka 50. Uingereza haikufanya haraka.

Kwa sisi wa Tabora, kipimo cha mbinu hii ni kuiweka kwenye njia yetu. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ndipo ikagawanyika, mingine Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliobeba kwa ujira wa nguo na shanga, kwa hiyo tusiwaweke wote kapu moja na watumwa. Ila wapo ambao maandishi ya Himid yanawakaa sawasawa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857 walikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa angali mtoto, akauzwa hadi India, akapata uhuru bwana wake alipofariki. Bombay lilikuwa jina la mji. Hakuna mama wa Kiyao aliyemwita mwanawe hivyo. Mistari miwili ya kwanza ya Himid inamtosha bila kubadilishwa hata nukta.

Mstari wa mwisho, wa kuliwaza, ndio unaonipa shaka. Kwa watu ambao nyaraka zimewafuta, msanii hana budi kuwatungia, na Himid alitunga. Ila yeyote atakayejaribu mbinu hii Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, atakutana na Jacob Wainwright. Huyu naye ni Myao aliyeokolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, akasomeshwa India na kurudi na jina la Kiingereza. Alikuja Unyanyembe mwaka huo kumfuata Livingstone, na mzee alipofariki kijijini kwa chifu Chitambo, Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale moyo ulipozikwa. Alisafiri na maiti hadi London mwaka 1874, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster Abbey. Alikufa Urambo mwaka 1892. Katika safari ile ya kuisindikiza maiti aliandika shajara kwa mkono wake. Mtu wa namna hiyo, mgongoni kwake hapabandikwi maneno ya msanii; ni kuyanakili ya kwake, hata kama hayaliwazi.